Kitufe cha Mzee Aniceti na Pampu ya Mama Amedeus

Baada ya miaka ishirini na moja na miezi minne ya utumishi, Mzee Aniceti Mallya, fundi umeme wa kituo chetu cha mafunzo hapa Bonga, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2024. Kamati ya sherehe imenipa mimi, Mwanne Muhammad, mtunza stoo, kazi ya kuandika wasifu wake kwa sababu, wanasema, hakuna aliyegombana naye mara nyingi kama mimi. Kweli kabisa. Nimemnyima balbu, ameninunia, tumepatana, na mwezi uliofuata tukaanza upya. Niseme mapema kinachonisumbua: kuanzia Julai mzee wetu atashinda kutwa nzima kwenye nyumba yake ya Nakwa isiyo na mtu mwingine, na kwa hiyo siandiki ukurasa huu kwa furaha tupu.

Alizaliwa Rombo mwaka 1964, akasomea umeme Moshi, na alifika Babati Februari 2003, mkoa wa Manyara ukiwa bado mchanga. Mwenyewe husimulia kwamba mji ulijaa wageni wenye magodoro begani wakitafuta vyumba. Unamwuliza mtu ofisi fulani iko wapi, kumbe na yeye ndiyo kwanza ameshuka. Kituo kilikuwa na majengo mawili na jenereta moja lenye hasira. Leo tuna madarasa kumi na mawili, hosteli, na nyumba kumi na nne za watumishi, na karibu kila waya uliomo ndani ya kuta hizo umepita mikononi mwake.

Kwenye meinswichi ya kila nyumba aliweka kifaa chenye kitufe kidogo, akakiita mlinzi, na sisi sote tukazoea jina hilo. Alitufundisha hata tusiotaka kufundishwa. Umeme unaingia kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine, na mlinzi kazi yake ni kulinganisha. Kilichoingia kisiporudi chote, hata kikipungua kidogo tu, anakata hapo hapo, kwa sababu kilichopungua kimepata njia nyingine ya kupita, na njia hiyo inaweza kuwa mwili wa mtu. Ole wake fundi wa mtaani aliyemwambia mtumishi wetu kwamba kidude hicho ni kibovu, kitolewe, waya ziungwe moja kwa moja. Mzee alikuwa anamfuata mpaka sokoni kumpa maneno yake.

Sasa, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi alipita nyumba zote kumi na nne kubonyeza vitufe. Akibonyeza, umeme wa nyumba nzima unakatika, ndiyo dalili kwamba mlinzi yuko macho. Anaurudisha, anaandika kwenye daftari, basi. Jamani, ingekuwa basi! Anavuta kiti, anaomba chai, anauliza mtoto amepata ngapi hesabu, anamsifia bibi kitenge. Tulilalamika sana. Mpira unakatika dakika ya themanini na tisa, pasi inapoa juu ya sketi. Bwana Eliya wa nyumba namba sita aliwahi kumfungia geti na kujifanya hayupo. Mwezi uliofuata mzee akaja tena, na chai akanywa.

Mkewe, Otilia, tuliyemwita Mama Amedeus, ndiye aliyeleta habari ya bwawa. Mwaka 2014 aliona picha ya bustani kwenye kalenda, akaamua na yeye atakuwa na bwawa lake mbele ya nyumba yao ya Nakwa. Tulimcheka mpaka machozi. Ziwa Babati zima lipo hapo chini, na viboko wake, yeye anachimba la kwake! Alichimba kwa jembe, akasakafia, akatia perege sita, na mumewe akanunua pampu ndogo Arusha ya kupandisha maji yamwagike juu ya mawe. Jioni walikuwa wanakaa hapo wawili wakisikiliza. Mama Amedeus alifariki mwaka 2019. Amedeus yuko Mererani, dada yake Clara ameolewa Mwanza. Nyumbani wakabaki mzee, perege na pampu.

Hapo ndipo zile ziara za Jumamosi zilipoanza kurefuka, na sisi tukazidi kunung'unika. Naona aibu kuliandika hili.

Mei mwaka jana, katikati ya masika, malaria ilimlaza mzee. Siku ya tatu mimi na Yoakimu, dereva wetu, tukampelekea uji. Tulimkuta kwenye kochi amejifunika blanketi, dirisha wazi, maji yanamwagika nje. Alipokuwa anakunywa uji, macho yangu yakaenda kwenye meinswichi yake, nikawaza kwamba miaka yote hiyo yeye hakuna aliyewahi kumbonyezea. Nikasimama, nikabonyeza, kwa utani tu. Taa haikuzima. Nikabonyeza tena kwa nguvu. Taa inawaka, pampu inanguruma. Yoakimu akaacha kucheka. Mzee akaweka kikombe chini na kutazama dirishani.

Alitueleza yote. Pampu ilianza kukata umeme tangu Januari. Ukiitoa na kuianika juani, inafanya kazi vizuri kabisa. Ukiirudisha bwawani, dakika kumi tu, nyumba nzima imezima. Mtu mwingine angesema mlinzi ana wazimu, lakini yeye alijua: raba ya kuzuia maji imechakaa, maji yanaingia kwenye mota, umeme unavujia bwawani na kupotelea ardhini. Dawa yake ilikuwa kuchomoa plagi moja. Hiyo ndiyo aliyoshindwa. Fundi aliyetufokea sisi sote alitoa waya kwenye mlinzi wake, akaziunga moja kwa moja, na miezi minne kila asubuhi alikuwa anatia mkono kwenye maji yale yale kuokota majani. Alisema tusimwelewe vibaya, hakutaka kufa. Alitaka kusikia kitu anapofungua mlango.

Nilimfokea kama ninavyomfokea mwanangu, kisha nikalia. Yoakimu alikwenda kuchomoa plagi. Maji yakaacha kumwagika, na kwa mara ya kwanza nikaisikia nyumba ile ilivyo: saa ya ukutani, na sisi watatu tunapumua. Sikuendelea kumfokea.

Alipopona, tuliifungua pampu kwenye meza ya karakana. Ndani ilikuwa kutu na tope, raba imepasuka, haitengenezeki. Tukachanga, Yoakimu akaleta mpya, na mzee mwenyewe akarudisha waya mahali pake. Nilipobonyeza, kila kitu kikazima, nikapiga kigelegele mpaka majirani wakatoka. Nilipomwomba ruhusa ya kusimulia haya, alisema yasomwe yote, mbele ya watu, ili asitokee mwingine wa kufanya ujinga kama wake.

Kwa miaka ishirini na moja, kituo hiki hakijapata mtu hata mmoja aliyejeruhiwa na umeme. Tuliyekaribia kumpoteza ni yeye, na nyumba yake haikuwamo kwenye daftari.

Mzee Aniceti, wiki iliyopita ulikuja stoo ukanikabidhi daftari hilo, ukaondoka haraka, na mimi nikajifanya nahesabu balbu. Asante kwa taa zote, kwa watoto wetu waliokua salama, na kwa chai tulizokupa kwa uchoyo. Mungu akujalie afya njema, na perege wako waongezeke. Nyumba zilikuwa kumi na nne. Nimechukua kalamu, nimepiga mstari chini yake, nimeandika ya kumi na tano: Nakwa, kwa Baba Amedeus. Jumamosi ya kwanza ya Julai ni tarehe sita. Bandika chai saa nne asubuhi, nakuja kubonyeza, na nitakaa.