Asilimia Tisini Iliyolala

Fundi saa alikaa ndani ya basi, nyuma ya bwana mwenye tai na mama mwenye kapu, akatega sikio. Bwana huyo alikuwa akigawa vikaratasi vya semina.

"Mama, binadamu tunatumia asilimia kumi tu ya ubongo. Tisini imelala fofofo!"

"Baba, mume wangu damu ilimganda kichwani, padogo kama punje ya mchele. Sasa ananiamkia shikamoo, mimi mkewe! Hiyo tisini inangoja nini?"

"Haijaamshwa tu, mama."

Fundi akaguna. Miaka thelathini anafungua saa, hajaona kigurudumu kilichowekwa bure.

Basi likasimama mbele ya hospitali. Mama akabeba kapu lake la mashati safi, akafika mlangoni, akarudi.

"Hebu nipe kikaratasi kimoja."