Paa la Mtu Aliye Hai

Ndugu zangu, mwenyekiti wa jumuiya ameniomba nishuhudie, na kwa pumzi hiyo hiyo akaniomba nisiwe mrefu. Hilo la pili alilisema kwa msisitizo, nadhani kuna watu walimtuma. Nawaelewa. Mimi ni yule wa makala za gazetini, ambaye akiulizwa ni saa ngapi huanza na asili ya jua. Leo nitajitahidi.

Sitataja jina la mtu. Hapa Rhotia haina haja. Nikimfikia mhusika mtamwona anainama kufunga kamba za viatu.

Upepo mnaukumbuka. Redio iliuita upepo mkali. Sisi tulioezuliwa tunauita kimbunga, na mimi naamini aliyepoteza paa ndiye mwenye haki ya kuchagua jina.

Ilikuwa alasiri. Mama yangu, ambaye nyumbani tunamwita Aayo, alikuwa barazani anachambua maharage. Mimi nilikuwa ndani naandika sentensi kuhusu utulivu wa maisha ya kijijini. Sitanii, sentensi yenyewe bado ninayo. Nikasikia kama lori la kokoto linamwaga mzigo juu ya nyumba, kisha chumba kikajaa mwanga. Nikatazama juu. Pale nilipozoea kuona bati yalikuwa yanapita mawingu, tena yana haraka.

Aayo akaingia na ungo wake.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Basi toka nje, hizo mbao zilizobaki zinalia."

Upepo ulipotulia tulikuta karibu paa zima limekwenda. Mabati mengine yalikuwa shambani kwa jirani wa chini, yamekunjika kama chapati, na mengine yaliegemea mparachichi kana kwamba yamechoka safari. Ua wa minyara, ule alioupanda marehemu baba, ulikuwa umelala chini unavuja utomvu, na mbuzi wa watu walikuwa wameshaingia kukagua bustani.

Tukahamia jiko la nje. Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo shida yenyewe ilipo. Nyumba ile baba aliijenga kwa tofali mbichi, za udongo tu. Chini ya bati ni nyumba nzuri, inakaa miaka. Lakini masika yakizikuta kuta ziko wazi, hakuna nyumba tena. Kuna rundo la udongo lenye madirisha. Na masika yalikuwa njiani. Dada yangu aliyeolewa Endabash alikuja na gari la kukodi kumchukua Aayo, na Aayo akakataa hata kulisogelea lile gari. Alisema, "Nikiondoka, nyumba itajua imeachwa." Akabaki jikoni anakohoa moshi.

Na mimi mwanawe, msomi wa chuo kikuu, mwanamume pekee wa boma lile, nilifanya nini? Ndugu zangu, nawaambia ukweli: nilianza utafiti.

Msicheke bado.

Nilitaka kujua upepo ule ulitoka wapi. Kwa nini ulichukua paa letu ukaacha banda la kuku, ambalo limeshikiliwa na waya na sala? Kwa nini kwa jirani wa juu uling'oa mlango ukausimamisha wima katikati ya mahindi, kama kuna mtu anategemewa kubisha hodi? Nikaanza kupita nyumba kwa nyumba, nakaribishwa, napewa chai, nauliza. Mmoja aliniambia umeshuka kutoka msituni, upande wa kreta. Mwingine akasema hapana, umepanda kutoka ziwani Eyasi, yeye alisikia harufu ya magadi. Bibi mmoja akasema haukutoka popote, ulikuwa hapa hapa siku zote umekaa kimya unatutazama. Jibu hilo lilininyima usingizi kwa raha.

Nilifika mpaka mnadani Karatu, nikamkuta mfugaji aliyetoka mbali kule Kakesio amesimama na fimbo yake. Nikamuuliza kama upepo ulipita na kwao.

"Upepo?" akasema. "Kwetu unapita kila siku. Wewe umepotelewa na nini?"

"Paa."

Akanitazama kuanzia viatu hadi miwani. "Na unalitafuta Kakesio?"

Nilirudi na bodaboda nikiwa nimefurahi, nikidhani nimepata mwanzo wa makala.

Lakini kulikuwa na jambo jingine nililokuwa nalidadisi, na hilo lilikuwa linaniuma. Kila asubuhi nilisikia nyundo. Watu walikuwa wanakwenda kwa zamu: leo wako kwa huyu wanapaua, kesho wako kwa yule wanasimamisha ua, kesho kutwa kwa wale vibarua wa Singida wanaoishi karibu na shamba la kahawa. Walipita mbele ya kwetu na mbao mabegani, wakanisalimia vizuri kabisa, "Mwalimu, habari za kazi?" ingawa sijawahi kufundisha hata kuku, wakaendelea na safari. Hakuna aliyekata kona. Nikaanza kujiambia maneno. Wananiona wa kuja. Miaka yangu yote ya Arusha wameihesabu. Nikajifungia ndani ya maneno hayo, nikawa sili vizuri, silali, na tabasamu langu likawa la kuazima. Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoanguka. Paa lilianguka siku moja. Mimi nilikuwa naanguka kidogo kidogo, huku nikinywa chai ya watu.

Asubuhi moja mawingu yakaonekana upande wa Oldeani, mazito, yale yenye tumbo. Aayo alikuwa anasonga ugali. Bila kugeuka akasema:

"Kesho nitawaambia majirani umekufa."

"Aayo!"

"Watakuja mara moja. Mpaka jioni nitakuwa na paa."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaweka mwiko chini.

"Hujui kweli, au unajifanya? Nyumba ya mjane watu wanakuja bila kuitwa. Nyumba ya msiba hivyo hivyo. Lakini nyumba yenye mwanamume mzima ndani yake, nani atapanda juu ya paa lake kabla mwenyewe hajasema neno? Ni kumwambia kwamba hayupo. Hakuna atakayekutukana hivyo. Wanakuheshimu, na heshima yao inaninyeshea mimi."

"Mbona hukuniambia?"

"Kila siku ulikuwa unatoka kwenda kwa watu! Nikajua umekwenda kuomba. Unarudi, nauliza wamesemaje, unaniambia habari za magadi."

Nilikaa kwenye kigoda. Nilizaliwa hapa, lakini nilipelekwa shule ya bweni ningali mdogo. Nilikumbuka kuona watu wamejaa juu ya mapaa, wanaimba na kutaniana, na utotoni nilidhani watu huota juu ya nyumba kama uyoga baada ya mvua. Sikuwahi kumwona yule aliyetangulia kupita mlango kwa mlango akiomba. Na mimi sasa nilikuwa nimepita milango yote hiyo, nimekaa kwenye viti vyote, nikauliza kila kitu isipokuwa kile kimoja.

"Upepo umeshapita, mwanangu," Aayo akasema. "Unaufuata wapi?"

Nikaondoka hapo hapo kwenda kwa jirani wa chini. Ndiye huyo anayefunga kamba za viatu sasa hivi. Yeye na mkewe walikuwa wanakunywa chai. Nikakaribishwa. Nikafungua mdomo niseme jambo langu, na mdomo wangu, huu mnaouona, ukasema: "Hivi, siku ile, mlango wenu wa nyuma uliufunga wewe au ulijifunga?"

Mkewe akaweka kikombe mezani taratibu.

"Baba," akamwambia mumewe, "amekuja na mlango leo."

Nikajaribu tena. Ndugu zangu, kuna watu hapa walisimama mbele ya simba wakichunga ng'ombe. Mimi nawaambia kuna maneno mawili ambayo ni magumu kuliko simba. Nikatazama sakafu. Nikasema:

"Naomba mnisaidie. Paa. Mama anakohoa."

"Amesema!" mama yule akapiga kelele hadi uani. "Jamani, amesema!"

Na jirani akanyoosha mkono nyuma ya mlango akatoa nyundo. Ilikuwa pale pale, pamoja na mfuko wa misumari ya bati.

"Tangu siku ya kwanza iko hapa," akasema. "Kila ukija nasimama kuichukua. Unauliza upepo, nakaa. Mke wangu akasema labda mmeamua kuishi bila paa, ni mambo ya chuo."

"Si ungeniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba paa lako halipo? Si ulikuwa unaliona!"

Kesho yake walikuja. Walikuja wa jumuiya hii, wakaja na ndugu zetu Waislamu wa kule kambini kwa vibarua, na mmoja wao kutoka Singida akashinda juu ya mbao za kenchi akiimba nyimbo za kwao, huku akinitania kwamba akishuka atanieleza upepo unavyoonekana kutoka juu. Mabati yaliyokunjika tuliyanyoosha kwa kuyakanyaga. Yaliyopungua yalitoka kwenye mabaki ya watu wengine, ndiyo maana paa letu leo lina rangi za nusu ya kitongoji. Aayo aliketi nje anatoa amri kama mkuu wa wilaya.

Ua nao tuliusimamisha. Mimi nilitaka kuitupa ile minyara iliyovunjika. Aayo akanizuia, akachukua tawi akalichomeka ardhini, akalikandamiza kwa kisigino. Minyara haihitaji mbegu wala mche. Kilichovunjika ndicho kinachopandwa. Nilianza kuuliza inawezekanaje, akanipa tawi jingine nishike.

Mvua ilikuja tukiwa tunamalizia kofia ya paa. Tuliingia ndani wote, tumebanana, tukasimama kimya tunasikiliza bati. Sijawahi kusikia kelele tamu kama ile. Aayo akasema, "Haya, sasa ongeeni, hakuna atakayewasikia," na watu wakacheka.

Nawashukuru mliopanda juu, mliopika kande chini, na mliotoa mabati. Nakushukuru wewe wa kamba za viatu, na mkeo. Namshukuru mama yangu, ambaye alikuwa tayari kuniua ili anikinge na mvua.

Fundisho langu ni dogo. Kudadisi si dhambi, na mpaka leo nataka kujua upepo ule ulitoka wapi. Lakini mtu anaweza kuuliza maswali yote ya dunia ili asiulize lile moja linalomwonyesha ana shida.

Na humu ndani, sitataja jina, kuna mtu bado anaishi chini ya turubai. Juzi ulipita kwangu. Ulikunywa chai, ukaniuliza habari za makala, ukaaga. Ndugu yangu, nilisimama, ukaniona, nikakaa. Sasa na mimi nina nyundo nyuma ya mlango. Rudi. Hata ukianza na upepo, nitakusubiri umalize.