Mwalimu Andongwisye na Koti la Tajiri

Wasikilizaji wapendwa, hapa ni Tunduma, na jioni hii nina msiba wa kuwasimulia. Mwalimu Andongwisye Kibona hatunaye. Alifundisha fasihi. Amefariki wiki iliyopita, akiwa na miaka sitini na minane.

Mliosoma kule Isansa mnaikumbuka ile tamthilia yake. Ya zamani, ya vichekesho. Kila mwaka aliigiza na wanafunzi, na yeye mwenyewe alicheza tajiri mwenye koti. Kila onyesho koti linazidi kurefuka. Kila onyesho watumishi wanapungukiwa nguo. Mwishoni wanne wanalibeba pindo la koti, wamebaki na kaptula, wanatetemeka. Na baridi ya Mbozi mnaijua! Watu walicheka hadi kushika mbavu.

Mwalimu alisubiri kicheko kiishe, kisha akauliza, "Kitambaa cha koti kimetoka wapi?"

Watu wakageuka kuwatazama wale wanne wenye kaptula.

Hakuhutubia kuhusu dhuluma. Alionyesha koti, basi.

Mwaka 2009 walikuja wageni wakubwa. Mmoja hakucheka. Akamvuta mwalimu pembeni. "Mchezo mzuri. Ila hilo koti litoe."

Mwalimu akamjibu, "Mheshimiwa, nikilitoa koti, zitabaki kelele tu."

Miezi miwili baadaye alihamishiwa bondeni, Momba. Walimu wenzake waliogopa hata kumuaga. Mkewe, Yunisi, alibaki Isansa na shamba la kahawa na binti yao mdogo, Tusekile. Mwaka wa tatu Yunisi akafariki. Mvua ilikuwa imekata barabara. Mwalimu alifika kaburi limeshafukiwa. Narudia, wasikilizaji: alifika kaburi limeshafukiwa.

Alipostaafu hakurudi Isansa. Alipanga chumba hapa Tunduma, peke yake. Jirani yake ni mama Jenista, anayewauzia vitumbua madereva wa malori. Ananiambia:

"Nilisikia watu wanagombana chumbani kwake. Sauti nne, tano. Nikasema, leo mwalimu kapata wageni. Nikawapelekea vitumbua. Nikamkuta yuko peke yake, kajifunga blanketi, anaigiza tajiri na watumishi wote. Akaona aibu. Nikamwambia, 'Endelea, mwalimu, na mimi nione.' Nilicheka mpaka machozi. Halafu kicheko kikakata. Nikasema, 'Lakini mwalimu, huyu bwana si ametuvaa sisi?' Akaketi kitandani, akafunika uso. Akaniambia, 'Leo sijauliza swali, mama. Umeona mwenyewe.'"

Baada ya hapo, kila Jumapili alimwigizia mama Jenista. Mtazamaji mmoja, kwenye ndoo iliyogeuzwa. Jumapili iliyopita mama Jenista aligonga, hakuitikiwa.

Tulimzika Isansa, kando ya Yunisi. Tusekile, ambaye sasa analima Ruanda, ile ya huku kwetu Mbozi, aliniambia pale makaburini, "Shule nzima ilimwona baba akiigiza. Mimi nilikuwa mdogo, nikaachwa nyumbani. Alipohamia Tunduma nilikuwa nampelekea mahindi, namsalimia, naondoka. Sikuwahi kumwambia, baba, nionyeshe."

Pole sana, Tusekile. Pole, mama Jenista. Poleni ukoo wote wa Kibona. Mungu ampumzishe mwalimu wetu.

Nanyi mnaonisikiliza, yupo mzee wenu aliyekaa na kitu chake kizuri, na hakuna anayemwomba akionyeshe. Kesho msimsalimie tu mkaondoka. Ketini. Mwombeni.