Meya Cyrille Poédi (1949–1999) na Kura Aliyoifuata Kwao

Marehemu Cyrille Poédi alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 katika bonde la Houaïlou, Kaledonia Mpya, kisiwa cha Pasifiki kinachotawaliwa na Ufaransa. Alikuwa Mkanaki, mwenyeji wa asili wa kisiwa hicho, na hata mezani hakumruhusu mtu kulisahau hilo.

Alisoma shule ya misheni, akahitimu ualimu mji mkuu, Nouméa, mwaka 1970. Alifundisha hadi 1983, alipochaguliwa meya wa Houaïlou kwa tiketi ya chama cha kudai uhuru. Tarehe 18 Novemba 1984 aliwahimiza watu wake wasusie uchaguzi, akafunga barabara pamoja nao, akalala gerezani miezi mitatu. Alitoka amekonda, msimamo ule ule. Kuanzia 1989 alikuwa mjumbe wa baraza la jimbo.

Alifika hapa Guangzhou, China, Februari 1996, akiwa mgane, kununua vitambaa vya sherehe za kwao. Katika jengo la biashara la Tianxiu Dasha akakutana na Élise Kabwe, mfanyabiashara wa Lubumbashi. Siku ya kuposa alisimama mlangoni na kitambaa kilichokunjwa, maana Mkanaki haingii kwa watu kabla ya kutoa zawadi na kusema neno. Kaka wa Élise, Chadrack, anayesoma wasifu huu, alikipapasa, akauliza bei ya jumla, na kabla hajatajiwa akasema kwa Kichina "tai gui", ghali mno. Marehemu alijibu taratibu, "Beau-frère, shemeji yangu, siuzi. Ninaomba kuingia." Walifunga ndoa tarehe 12 Aprili 1997, wakaishi hapa Guangzhou.

Oktoba 1998 moyo ulianza kumsumbua. Daktari alimkataza kusafiri, lakini tarehe 8 Novemba kwao wangepigia kura mkataba ulioahidi kwamba swali la uhuru litaulizwa kabla ya miaka ishirini kwisha. Élise akaficha pasipoti ya mumewe.

"Élise, mwaka ule niliwaambia wasipige kura, wakanisikia," alimwambia. "Sasa nimewaambia wapige. Mimi nibaki kitandani?"

Élise aliitoa pasipoti huku akilia kwa hasira. Marehemu alikwenda, akapanga foleni kama wengine, akapiga kura, akarudi kwa mkewe. Alifariki hospitalini hapa Guangzhou Jumamosi, tarehe 9 Januari 1999. Élise ameomba isomwe kwamba hajutii kuitoa pasipoti ile, na kwamba uchungu wake hauna kipimo.

Ameacha mjane, Élise, binti wa ndoa yake ya kwanza, Élodie, na mjukuu, Bibiana, wa miaka miwili. Siku mbili kabla ya kufariki alipiga hesabu kwa vidole, akaona kwamba swali la uhuru litakapoulizwa, Bibiana atakuwa mtu mzima. Akaagiza aandikishwe mapema kwenye daftari la wapiga kura.

Pumzika kwa amani, Meya. Bibiana ataandikishwa.