Vijiti vya Mama

Fundi saa alijifanya kasinzia, maana ndani ya treni, kwenye viti vya mbele yake, palikuwa na ugomvi mtamu, na kituo chake kilikuwa bado mbali.

"Dada, huu ni uchafu," kijana alisema, kompyuta mapajani. "Tovuti hii ya familia niliitengeneza nikiwa bado mbichi. Ukiandika ritifaa, ile alama ya kwenye ng', programu inaiwekea kijiti cha kuilinda. Nikasahau kukiondoa. Sasa kila ujumbe ukifunguliwa na kuhifadhiwa tena, vijiti vinazaana. Ona huu wa marehemu mama: 'Mnamkumbuka ng\\\\\\\'ombe wa babu?' Navifuta vyote leo."

Fundi saa alifungua jicho moja. Masikini ng'ombe, kazungushiwa ua mzima!

"Kwani mama alikuwa akiubadilisha?" dada mtu akauliza.

"Wapi! Hata neno moja. Alikuwa anaufungua, anausoma, kisha anabonyeza 'hifadhi'. Si ulimjua mama? Alidhani asipobonyeza, utapotea."

Dada akacheka, kisha kicheko kikamkauka.

"Basi mdogo wangu, hivyo vijiti ndizo nyayo zake. Ukivifuta, tutajuaje kwamba alikuwa akirudi?"

"Lakini dada, hausomeki!"

"Mimi nausoma."

Treni ikasimama. Kidole cha kijana kilikuwa bado juu ya kitufe cha kufuta, na kiganja cha dada yake kimekifunika. Fundi saa, aliyekuwa amefika kwake, akashuka shingo upande.