"Huyu Nani Wako?": Maisha ya Mwalimu Bhoke Mwikwabe wa Nyasura

Ndugu waombolezaji, dada yetu Bhoke Mwikwabe Mseti alizaliwa tarehe 12 Machi 1961 Buhemba, ambako sasa ni wilaya ya Butiama, mtoto wa kwanza wa Mzee Mwikwabe na Mama Nyangi. Mama akienda shamba la pamba, yeye ndiye aliyetubeba wadogo zake, na tangu hapo alikuwa mtu wa wasiwasi. Ukichelewa kurudi na ng'ombe, ulimkuta njiani ameshaanza kulia.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Buhemba hadi mwaka 1976. Baadaye alijifunza malezi ya watoto wadogo mjini Musoma, akafundisha chekechea huko hadi mwaka 1986, alipofunga ndoa na shemeji yetu Faustine Makoye na kuhamia Nyasura, Bunda. Mungu aliwajalia Robert na Lucy.

Mwaka 2003 alifungua kituo cha kulelea watoto nyuma ya nyumba yao. Uji aliuonja kabla ya mtoto yeyote, na karanga za kusaga alizichambua mwenyewe akitafuta zenye ukungu. Baba alipomletea maziwa ya ng'ombe wake, aliyachemsha mbele yake. Mzee akakasirika. "Kwani ng'ombe wangu anaumwa? Mbona nyie mlikuwaga mnayanywa hivyohivyo?"

"Hawa si wangu, baba," dada akamjibu. "Nimeazimwa tu."

Lakini mwaka 2009 mwenye bodaboda alikuja akasema ametumwa kumchukua Ghati, na dada akamtoa Ghati. Nanyi mnajua jina hilo lilivyo jingi kwetu: kituoni walikuwepo akina Ghati watatu. Mtoto akafikishwa dukani kwa mama wa Ghati mwingine. Alipewa soda, akarudishwa salama kabla ya giza, ila dada hakuwahi kupona jeraha la siku ile. Kuanzia hapo hakumtoa mtoto bila kumuuliza mtoto mwenyewe, "Huyu nani wako?" Asipojibu, mlango haukufunguliwa.

Siku moja alikuja baba aliyekaa muda mrefu machimboni, ndevu zimemjaa. Mtoto akasema hamjui.

"Mwalimu, mimi ndo baba yake. Nilikuwaga Buhemba."

"Pole kwa kazi. Kaa hapo unywe uji, akukumbuke."

Alinuna, akanywa. Kufikia kikombe cha pili, mtoto alikuwa mapajani kwake.

Mwaka 2023 madaktari waligundua moyo wake umepanuka. Tulimsihi apumzike, akasema atapumzika watoto wakishachukuliwa wote. Tarehe 4 Februari 2025 alianguka jikoni, uji ukiwa bado motoni. Tulipokuja na gari kumpeleka Musoma, mtoto mmoja wa miaka minne alisimama mlangoni, akatutazama, akamuuliza, "Hawa nani wako, Mwalimu?"

Dada akavuta pumzi. "Wadogo zangu." Ndipo mtoto akatupisha.

Hospitalini hakuuliza habari za moyo wake. Aliniuliza mimi, Mugeta, nani yuko mlangoni kule kituoni. Nikamwambia ni Dafroza, mpishi wake. Akafumba macho. "Dafroza ana huruma sana. Mtu akimlilia, atafungua." Maneno hayo yalinikosesha usingizi, maana ndivyo Dafroza alivyo, sote tunamjua. Dada aliaga dunia Jumapili, tarehe 9 Februari, akiwa na wasiwasi huohuo, na mimi nilibaki nao.

Juzi Jumatatu, katikati ya msiba, wazazi wasio na pa kuwaacha watoto waliwaleta kituoni kama kawaida. Jioni shemeji Faustine alikwenda kumchukua mjukuu wake. Alikuwa analia, na Dafroza alikuwa analia. Hata hivyo Dafroza hakuuachia mlango. Aliinama kwa mtoto, akamuuliza, "Huyu nani wako?"

"Babu," mtoto akasema. Mlango ukafunguliwa.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wajukuu wanne, sisi wadogo zake, na watoto wa kituo, ambao Jumatatu ijayo watapokelewa na Dafroza. Dada, wasiwasi wako tuachie sisi. Nasi tunakukabidhi kwa Mungu bila hofu ya kukosea jina, kwa kuwa hata yeye akiulizwa huyu nani wako, anajua la kujibu. Pumzika kwa amani, Mwalimu; wote wameshachukuliwa.