Kungugu Anateka Maji Wapi

Kila mji una bunge lake, na bunge la Masasi linakaa kwenye benchi moja la ubao kando ya barabara ya kupandia Newala, mkabala na kibanda cha Gasper cha kutengenezea simu. Spika ni Mzee Salmini, mwenye birika la kahawa na sinia la kashata, ambaye hajawahi kumnyima mtu nafasi ya kusema alimradi kikombe chake hakijakauka. Wabunge wa kudumu ni wawili. Wa kwanza ni Zabroni, dereva wa bodaboda anayeitwa Profesa kwa sababu ana methali ya kila jambo, ingawa hakuna hata moja inayokaa mahali pake. Wa pili ni Khalidi, mpakiaji wa magunia ya korosho, anayeitwa VAR kwa kuwa hakubali jambo lipite mpaka lirudiwe. Gasper mwenyewe huitwa Fundi, na siku hiyo Fundi ndiye aliyekuwa kizimbani.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Tangu shuleni Gasper aliipenda ile michezo ya ng'ambo ya madubwana yanayopigana kwa zamu: unapiga wewe, anapiga mwenzako, na damu ikimwishia mmoja, habari yake imekwisha. Alipopata kompyuta chakavu akaunda mchezo wake, wa kishabiki tu, wa kugawa bure, akatia madubwana ya kwao. Yumo Jiwekuu wa mwamba. Yumo Bibokali, anayetema maji ya bibo, lile tunda la mkorosho, yanayochubua ngozi. Lakini kilichowanasa vijana si madubwana, ni ardhi. Gasper alikataa katakata madubwana yake yapigane hewani. Ukipigania majabali ya Masasi, Jiwekuu anakuwa mgumu maradufu. Ukiingia mikoroshoni wakati wa kupulizia dawa ya salfa, kila anayepumua anapungukiwa damu kila zamu, kwa hiyo ama umalize upesi ama utoke mbio. Kwenye mchanga wa Chiungutwa, mnene anazama. Mwenye misuli bila akili alikuwa akichapwa na kadubwana kadogo kanakojua pa kusimama, na hapo ndipo utamu ulipokuwa.

Tatizo lilikuwa uwanja wa mwisho, wa Newala. Kule juu anakaa Kungugu, dubwana la ukungu. Kila zamu anavuta maji kutoka kwenye ukungu na damu yake inajaa upya. Tangu Gasper autoe uwanja huo, hakuna mtu aliyemshinda Kungugu, na wengi walikuwa wameanza kuufuta mchezo kwenye simu zao. Jumamosi iliyofuata kungekuwa na shindano la Masasi na Newala, la kwanza, ambalo Gasper alilihangaikia misimu miwili. Asubuhi hiyo vijana wa Newala walikuwa wameandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba aondoe mambo ya ardhi katika mchezo mzima, na asipoondoa kufikia jioni, hawashuki. Akiondoa, mchezo utabaki mabeberu wawili wanaogongana vichwa. Asipoondoa, atacheza peke yake. Ilimuuma, naye hakuona haya kusema kwamba inamuuma.

– Turudie tukio, alisema VAR. Fundi, wewe si unamwendea Queen, binti wa kule kule Newala?

– Queen anaingiaje hapa?

– Anaingia kwa mlango wa mbele. Mtu akitaka kuoa lazima awapendeze wakwe. Umewapa dubwana lisilokufa. Hiyo ni posa.

– Wakwe wenyewe ndio wanaolalamika, alisema Gasper.

– Wanajifanya. Hakuna mkwe anayepokea kitu bila kununa kwanza.

Gasper akajitetea. Newala alifika mara moja tu, kipindi cha mvua, na aliposhuka kwenye gari alikuta ukungu mzito kiasi kwamba hakumwona kondakta aliyemshika mkono. Koti lilimlowa bila tone la mvua kumwangukia. Hapo ndipo Kungugu alipozaliwa. Na tangu siku hiyo, kila akiamka na kutazama upande wa uwanda wa juu wa Newala, anaona wingu limelala juu yake kama mtu aliyekataa kwenda shamba. Watu wanaoishi na wingu mlangoni watakosaje maji? Benchi zima likakubali kwamba hawawezi kukosa. Profesa, ambaye ndiye msafiri wao, akatia muhuri, ingawa yeye akimpandisha abiria Newala huwa anageuza hapo hapo bila kuzima pikipiki.

– Mimi naona ni kimo, alisema Profesa. Jiwe ukilitupa chini linafika. Ukilitupa juu linakurudia mwenyewe. Sisi ni watu wa chini, pigo letu likifika kule limeshachoka. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

– Kungugu yuko juu. Tuiname tukamtafute wapi? aliuliza Gasper.

– Ndiyo maana tunapigwa. Tunainama.

VAR akaomba jambo lirudiwe. Baada ya kulirudia akagundua kwamba kosa si kimo, ni joto. Masasi majabali yanachemka, simu inachemka, na dubwana lililomo ndani ya simu linalegea kama mtu aliyeshinda juani. Newala kuna baridi, simu inakaa imetulia, Kungugu anapigana akiwa na usingizi wa kutosha. Kwa hiyo Jumamosi kila mchezaji wa Masasi azamishe mkono na simu yake kwenye mtungi wa maji baridi.

– Mtungi upo mmoja, na ni wangu, alisema Mzee Salmini. Simu hazitaingia.

– Mzee, ni kwa ajili ya mji.

– Mji ulete mtungi wake.

Kisha Mzee Salmini akamimina duru nyingine na kutoa lake, maana spika naye ni binadamu. Yeye alidhani shida ni lugha. Gasper ameuandika mchezo wote kwa Kiswahili, na hawa vijana wanapanga mashambulizi kwa sauti kubwa, kwa Kiswahili hicho hicho, mbele ya simu. Dubwana linasikia. Wapange kwa Kimakua, waone kama litajua pigo linatokea wapi.

– Kwa Kiyao je? aliuliza Profesa.

– Kiyao atakielewa. Hakuna asiye na shemeji Myao.

Hapo likafikiwa azimio, kama linavyofikiwa kila siku kwenye benchi lile. Jumamosi timu ipande kilima cha Mtandi ili walingane kimo na Kungugu, wabebe mtungi ambao bado haujapatikana, na wanong'one Kimakua. VAR akaongeza kwamba simu ifungwe kwenye mwanzi mrefu, kwa tahadhari. Profesa akauliza itabonyezwaje ikiwa juu ya mwanzi, akaambiwa hilo ni la kamati.

Gasper hakucheka. Simu ilikuwa imelia, na ujumbe ulikuwa mfupi: jioni ndiyo hiyo inakaribia. Akaifungua kompyuta magotini na kuutafuta mstari mmoja tu, ambao akiufuta, majabali, salfa, mchanga na ukungu vyote vinakwenda na maji.

– Futa tu, alisema VAR, safari hii kwa upole. Bora mchezo mbovu wenye watu.

– Na mimi nasema hivyo, alisema Profesa. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Basi viundue.

Kidole cha Gasper kilikuwa bado hewani mama mmoja aliposimama mbele ya benchi, kajifunga kanga, mkoba begani, mkononi kashika kitu kilichofungwa kwenye leso. Akamwamkia Mzee Salmini shikamoo, akaitikiwa marahaba. Vijana nao wakamwamkia wote kwa pamoja, akawaitikia, kisha akauliza fundi ni yupi. Gasper akajitaja.

– Mimi ni Anastasia, Mama Gift. Natokea Newala. Wewe ndiye mwenye dubwana lililomvunjia mwanangu simu?

Akaifungua leso. Kioo cha simu kilikuwa kimepasuka kuanzia kona hadi kona. Alivyoeleza ni kwamba Gift, mwanawe mkubwa, alikuwa akipigana na kitu juzi baada ya chakula, akapigwa, akairusha simu ukutani, na kwa kuwa yeye alikuwa akishuka Masasi kwenye shughuli zake, mtoto kamtuma kwa fundi huyu huyu aliyesababisha. Gasper alitamani benchi limmeze. Gift ndiye aliyekuwa akiandika ule ujumbe wa kundini, kwa simu ya kuazima, akiweka jina lake chini.

– Mgeni njoo mwenyeji apone, alisema Mzee Salmini. Kaa, mama. Upate kahawa.

Alipokaa, Gasper akaona heri amwonyeshe mama mwenyewe kilichotokea kuliko kuomba radhi kwa maneno matupu. Akawasha uwanja wa Newala kwenye kompyuta. Profesa akajitolea kupigana, akapiga, akapiga tena, na kila mara Kungugu akainua mikono, maji yakamiminika mwilini mwake, damu ikajaa pomoni. Profesa akazidi kupiga, akisema haba na haba hujaza kibaba, na kweli kilikuwa kinajaa, ila cha Kungugu. Muda si muda Jiwekuu wa Profesa akalala chini.

Mama Gift alikuwa akitazama kwa makini, kikombe hakijafika mdomoni.

– Huyu ni wa kwetu, wa Newala?

– Ndiyo, mama.

– Na hayo maji anateka wapi?

Gasper akafungua mdomo ajibu kwamba kwenye ukungu, akaona jibu lenyewe halina miguu. VAR akamtazama Profesa, msafiri wao. Profesa akatazama pikipiki yake.

Mama Gift hakuwacheka, alisema tu mambo ya nyumbani kwao. Ukungu upo, tena wa kulowanisha nguo kambani, lakini haujazi ndoo. Kule juu hakuna mto. Mvua ikinyesha wanakinga kwenye mabati na kuweka kwenye tangi, na kila mwenye nyumba anajua tangi lake linasemaje. Likikauka na bomba nalo limegoma, mtu anashika ndoo anashuka bondeni, na kurudi ni kupanda. Yeye amekua hivyo, na mama yake kabla yake. Dubwana la Newala linaloogelea maji kila dakika, alisema, basi halijawahi kulala Newala.

Gasper alihisi aibu kidogo na furaha nyingi. Miezi yote ile alikuwa akitafuta kosa kwenye nguvu za Kungugu, kumbe kosa lilikuwa kwenye ardhi, na yeye ndiye mtu wa ardhi. Alitazama wingu kutoka chini akadhani ni kisima. Akainamia kompyuta bila kuaga. Ukungu akauacha ufiche tu, usinyweshe. Akampa Kungugu tangi, akalijaza mara moja, na likikauka, Kungugu achukue ndoo ashuke bondeni zamu nzima, ndipo apande tena.

– Jaribu, akamwambia Profesa.

Profesa akapiga kwa subira ambayo hakuna aliyejua kama anayo. Tangi likapungua, likakauka. Kungugu akashika ndoo, akageuka, akaanza kuteremka.

– Mgongo uko wazi, alisema VAR. Huyo huyo, mpige.

Profesa akabonyeza. Jiwekuu akaporomosha jabali, ndoo ikaruka, Kungugu akabingirika mpaka bondeni na hakuinuka tena. Benchi likasimama. VAR alimkumbatia Mzee Salmini, birika likanusurika. Kungugu kapigwa, kwa mara ya kwanza, na kapigwa Masasi.

Mama Gift peke yake ndiye aliyebaki ameketi.

– Umempiga mtu anakwenda kuteka maji? aliuliza.

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Profesa akafungua mdomo, na wenzake wakangoja methali. Haikuja. Katika miaka yote ya benchi lile, haikuwahi kutokea Profesa akatafuta methali akaikosa, hata mbovu.

– Kwetu, alisema Mama Gift, hata kama mmegombana jana mkaitana majina yote, ukikutana na mtu ana ndoo njiani, unampisha. Ugomvi utaukuta nyumbani.

Mzee Salmini akainamisha birika kwenye kikombe cha mgeni. Likatoa matone machache ya masimbi, yale machicha ya kahawa, basi. Kahawa ilikuwa imekwisha, na mtungini maji hayakuwamo.

Gasper alikuwa tayari anaandika. Mwenye ndoo hapigwi. Zamu yake ya kuteka ni zamu ya kumpisha, nawe itumie kuchagua pa kusimama, upepo uko wapi, mteremko uko wapi, ili akirudi na maji akukute umejipanga. Na anayempiga njiani, ardhi yote inamgeuka, hapo alipo na kila atakapokwenda, mpaka pambano liishe. Mchezo ukawa mgumu zaidi kuliko ulivyokuwa, lakini sasa ulikuwa na mlango. Akautuma kundini na maneno machache. Ule mstari wa ardhi hakuugusa.

Mama Gift alikuwa ameshaahidiwa kioo kipya na anajiandaa kwenda zake jibu lilipoingia. Gasper akalisoma kwa sauti: “Ni Gift, bado natumia simu ya Yoeli. Tumeujaribu. Jumamosi tunashuka. Mwambieni mama asisahau sukari.”

– Sijasahau, alisema mama, na kuufunga mkoba.

Mzee Salmini akamkabidhi Profesa ndoo. Aliyemwaga maji ya watu ndiye akateke ya kahawa, alisema, na Profesa, bila ubishi, akaenda bombani. Aliporudi, ndoo imejaa na bega limelala upande mmoja, alimkuta VAR amesimama katikati ya njia, amepanua mikono, akidai tukio lirudiwe: ilikuwaje bao la halali likafutwa? Profesa akasimama na ndoo yake. VAR akamtazama, akaitazama ndoo, akamtazama na Mama Gift aliyekuwa bado hajavuka barabara.

Akashusha mikono, akampisha.